Sare na Sura

Jumatatu, 3 Juni 2024

Kazi imeingia. Kijana mmoja wa Mwananyamala, hapa Dar es Salaam, anataka kava la albamu ya mjomba wake kabla mwezi haujaisha. Mjomba ni mpiga gitaa la solo. Ametumikia bendi za dansi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hii ndiyo albamu yake ya kwanza yenye jina lake. Nyimbo sita, zimesharekodiwa. Kijana amenitumia kwa simu mifano ya anachokitaka: miwani myeusi, cheni nzito, gari lililoachwa milango wazi, moshi wa zambarau nyuma. Amenitumia na picha ya mzee mwenyewe, kavishwa miwani hiyo. Mikono haijui pa kukaa.

Sina ugomvi na miwani wala cheni. Kila muziki una sare yake, na sare ina kazi. Mtu anayepekua santuri dukani, au anayetelezesha kidole kwenye simu, anataka kujua upesi anaingia ukumbi gani. Herufi zenye miiba, zilizosokotana hadi hazisomeki, zinamwambia mpenzi wa metali kwamba hapa ndipo kwake. Mwimbaji aliyejipamba dhahabu, kitambaa kinachong'aa, waridi pembeni: mpenzi wa taarabu ya kisasa hana haja ya kusoma chochote. Ninachotaka kukijua ni kile kinachobaki kuwa cha mwanamuziki mwenyewe sare ikishavaliwa. Mzee huyu bado simjui, na kwenye picha niliyotumiwa hayumo.

Alhamisi, 6 Juni

Nimerudi nyuma kabisa, kwa yule aliyeanza kazi hii tunayoifanya.

Santuri za zamani, zile za kuzunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba dakika chache tu kila upande. Simfonia moja ilihitaji santuri kadhaa, kwa hiyo zikawa zinafungwa pamoja kwenye kitabu kizito, kama albamu ya picha, na jina hilo likabaki hata kitabu chenyewe kilipokwisha kazi. Nje kulikuwa na rangi moja iliyofifia na maandishi, basi. Mwaka 1939 kampuni ya Columbia, Marekani, ilimwajiri Alex Steinweiss, kijana wa Brooklyn aliyezaliwa 1917. Mwaka uliofuata akatoa jalada lake la kwanza lenye picha, la nyimbo za Rodgers na Hart. Alikwenda kwenye ukumbi wa Imperial, New York, akaomba maneno ya kwenye bango la taa la mlangoni yabadilishwe yawe jina la albamu, likapigwa picha usiku taa zikiwaka.

Hakuweka sura za watunzi. Aliweka mlango wa ukumbi wa maigizo, yaani mahali nyimbo zile zilipozaliwa na zinapoishi. Naona tangu jalada la kwanza swali lilikuwa hilo: muziki huu ni wa wapi, na ukiufungua utajikuta kati ya watu gani?

Huku kwetu santuri nyingi zilikuwa zile ndogo za 45, nyimbo mbili tu, moja kila upande, ndani ya ganda la karatasi lenye tundu katikati. Ganda lilikuwa la kampuni. Limechapwa jina la kampuni, na kesho linavalishwa santuri ya mtu mwingine. Mwimbaji alibakiwa na kile kiduara cha karatasi katikati ya santuri, kinachochungulia tunduni. Hapo ndipo palikuwa pake pote.

Jumapili, 9 Juni

Siku nzima nimekaa na makava ya Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, aliyoyachora Lemi Ghariokwu. Nimeyapanga kwenye skrini kwa miaka, kisha nikasikiliza kila albamu huku nalitazama kava lake. Nadhani hakuna mahali pengine Afrika ambapo mchoraji na mwanamuziki walikaribiana namna hii.

Lemi alizaliwa Lagos 1955 na alijifunza kuchora mwenyewe. Mwandishi wa habari, Babatunde Harrison, aliona mchoro wake wa Bruce Lee umetundikwa kwenye baa, akamwomba amchore Fela. Mchoro ukapelekwa kwa Fela mwenyewe. Fela akaupenda, akaandika hundi. Kijana akaikataa, akasema ametoa kwa moyo. Badala yake akapewa karatasi ya kumruhusu kuingia bure kwenye maonyesho yote. Hiyo karatasi naiona ina thamani kuliko hundi yoyote, maana ilimwingiza ndani: mazoezini, ukumbini, kwenye mabishano ya Kalakuta, nyumba ambayo Fela aliitangaza kuwa jamhuri. Alikuwa bado hajafikisha miaka ishirini.

Kava lake la kwanza ni Alagbon Close, 1974. Alagbon ndipo polisi walipomweka Fela ndani. Upande mmoja jela, upande mwingine nyumba ya Kalakuta, Fela katikati mnyororo umekatika mkononi, na majini nyangumi anaipindua boti ya polisi. Nyangumi hayumo kwenye wimbo, ni wa Lemi. Hapo nilisimama muda mrefu. Mchoraji hakuurudia wimbo kwa rangi. Ameujibu, ameongeza ubeti wake.

Ni kweli kwamba kabla ya Lemi, Fela alishaanza kukataa kava la mwanamuziki anayetabasamu. Gentleman, 1973, ina nyani aliyevaa suti, kwa ajili ya Mwafrika anayejibana na tai kwenye joto la Lagos. Lakini kwa Lemi mambo yanakuwa mfululizo, na mfululizo unakuwa sura. Yellow Fever, 1976: mwanamke aliyejichubua ngozi, mabaka usoni, huna pa kukimbizia macho. Ikoyi Blindness, mwaka huo huo: Fela amelitupa jina la Ransome na kuchukua Anikulapo, na kava linaonyesha jina la zamani limekatwa na jipya limeandikwa juu yake. Mtu amebadilisha jina lake mbele ya kila mnunuzi wa santuri! Sijui mahali pengine utambulisho wa mwanamuziki ulipotangazwa kwa uwazi kiasi hicho, kwa mstari wa kalamu tu.

Kisha Zombie. Hapa Lemi ameacha brashi, amekata na kupanga picha halisi za askari wenye bunduki pamoja na picha ya Fela. Nimejiuliza kwa nini. Wimbo unamsema askari asiyefikiri, anayekwenda akiambiwa nenda, anayegeuka akiambiwa geuka. Askari wa kuchorwa angeweza kuonekana kikaragosi, watu wakacheka wakapita. Askari wa picha ana sura ya mtu unayemwona barabarani. Na askari hao walikuwepo kweli: tarehe 18 Februari 1977 wanajeshi waliivamia Kalakuta na kuichoma moto. Mama yake Fela, Funmilayo Ransome-Kuti, alitupwa dirishani, na mwaka uliofuata akafariki. Palipo na ushahidi, Lemi anautoa ushahidi mezani. Palipo na dhihaka, anachora: Beasts of No Nation, 1989, ina Thatcher, Reagan na Botha wameota pembe.

Alimtengenezea Fela makava 26. Katika hayo yote afrobiti haikuwa na sare ya kuazima mahali. Si ile ya jazi ya Marekani, wala ya hailaifu. Sare ikashonwa kwa kipimo cha mtu mmoja, na leo kijana yeyote anayepiga afrobiti, awe Brooklyn au Paris, kava lake linachorwa kwa mistari minene, watu wengi wamejazana, maneno yamepita katikati ya picha. Sura ya mtu mmoja imegeuka sare ya wengi. Hili naliwekea alama. Safari ya kurudi, kutoka sare kwenda sura, ndiyo ninayodaiwa na mzee wa Mwananyamala.

Jumatano, 12 Juni

Nimekwenda mazoezini kwao. Chumba nyuma ya gereji, vifaa vya kukodi, feni moja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa kava? Kaa hapo karibu na besi. Ukikaa kwangu hutasikia kitu."

Nimekaa karibu na besi na kweli nikasikia. Mzee haingii pale unapomtarajia. Rithim inazunguka, besi inatembea, waimbaji wanamaliza ubeti, halafu kimya kidogo, na wewe shingo inaanza kumtafuta, ndipo anaingia kwa noti mbili tatu na kuondoka tena. Hata kwenye sehemu ya kucheza, ambapo vijana wangeijaza kila nafasi, yeye anaacha mapengo na mguu wako unaenda kuyakanyaga. Kwenye rekodi niliyotumiwa sikuwa nimelisikia hili vizuri. Linataka uone mkono uliotulia juu ya nyuzi, hauna haraka.

Wakati wa chai nikamwuliza makava ya zamani. Akacheka kwa upole. "Makava gani mwanangu? Sisi tulikuwa tukipanda jukwaani hakuna anayeuliza huyu nani. Wanauliza bendi gani."

Ndivyo ilivyokuwa. Bendi kubwa za Dar es Salaam zilikuwa mali ya taasisi: NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Urafiki ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya shirika la bima, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala. Magitaa ya taasisi, mshahara wa taasisi, mashati ya taasisi. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania, kanda zikabaki redioni. Zilizofika kwenye santuri zilichapwa Nairobi, na ni chache ukilinganisha na zile ambazo nchi nzima ilizikariri. Muziki mkubwa kiasi kile, na jalada karibu hakuna.

Lakini watu walitofautisha vipi? Kwa mtindo. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina. Msondo, wa NUTA. Sikinde, wa Mlimani Park iliyoanza 1978. Pambamoto wa Vijana. Magnet wa Bima Lee. Ogelea Piga Mbizi wa Maquis. Jina hilo lilipigiwa kelele katikati ya wimbo, likaandikwa kwa rangi kwenye ubao nje ya ukumbi, likavaliwa na mashabiki midomoni. Ukisikia Sikinde unajua milio ya tarumbeta itakujaje, unajua hata mtu atakavyosogea. Naamini mtindo ulifanya kazi yote ambayo kwa wenzetu ilifanywa na kava: ulikuambia aina ya muziki, ukakuambia na nyumba iliyoutoa. Kitu kimoja tu haukufanya. Haukuwa na mahali pa mtu mmoja. Muhidin Gurumo aliimba Msondo, akaenda Sikinde ilipoanza, baadaye akarudi Msondo. Alipoondoka, mtindo alikuwa anauacha. Naye alikuwa Gurumo. Mpiga solo wa pili mwenye mshahara mdogo alikuwa anaacha nini?

Nikamwuliza mzee kama albamu hii ina mtindo. Akajibu papo hapo, nadhani amelibeba jibu hilo miaka mingi: "Kanyaga Polepole."

Jumamosi, 15 Juni

Kijana amepiga. Kuna Mzungu mwenye lebo ndogo amesikia wimbo mmoja, ameupenda, anauliza kama mzee ana picha akiwa kijijini, pembeni ya ngoma. Mzee amezaliwa Ilala, amekulia Ilala, na hajawahi kupiga ngoma. Nimemwambia kijana kwamba hiyo nayo ni sare, na imeshonwa mbali zaidi kuliko ile ya cheni. Alau cheni ni ya vijana wa mtaani kwetu. Kijana akasema, "Sawa kaka, lakini yule analipa kwa dola." Nimemwelewa. Ana haki ya kufikiria hela. Yeye ndiye aliyelipia studio.

Jumanne, 18 Juni

Jana Idi, leo nimefungua kabati la santuri la rafiki yangu pale Upanga. Ana Blue Note nyingi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Nilikwenda kutafuta namna ya kutumia rangi chache, kwa sababu CD za kuuza kwenye maonyesho zitachapwa rangi mbili tu, bajeti haina zaidi. Nimerudi na jambo kubwa kuliko rangi.

Blue Note ilianzishwa New York 1939. Alfred Lion na Francis Wolff, waliokuja kuiendesha pamoja, walikuwa marafiki kutoka Berlin waliokimbia Unazi. Lion alisimamia rekodi. Wolff alikuwa mpiga picha na aliingia na kamera studio wakati wanamuziki wanafanya kazi. Kwa miaka mingi studio yenyewe ilikuwa sebule ya wazazi wa fundi mitambo Rudy Van Gelder, huko Hackensack, New Jersey. Kisha katikati ya miaka ya 1950 akaja Reid Miles, msanifu, na mpaka 1967 alikuwa ametengeneza makava karibu 500. Mara nyingi alipewa nyeusi na rangi moja tu. Ukiyatazama makava yale leo hufikirii uhaba. Blue Train ya John Coltrane: picha moja, mkono mdomoni, mtu anawaza, buluu imemwagika yote. Coltrane kwenye picha ile hakujipanga mbele ya kamera. Wolff alimkuta anafikiri, na mtu akifikiri sura yake inakuwa yake peke yake.

Na pale picha isipotosha, Miles anazifanya herufi zicheze. It's Time! ya Jackie McLean ni alama za mshangao zimejaa ukurasa. Unity ya Larry Young ina nukta nne ndani ya herufi U, kwa wanamuziki wanne walioipiga. Hakuna gitaa, hakuna tarumbeta, hakuna moshi wa klabu, na bado huwezi kuidhania kitu kingine isipokuwa jazi ya miaka ile.

Sasa jambo lenyewe. Reid Miles hakuwa mpenzi wa jazi. Alipenda muziki wa klasiki wa Ulaya. Lion ndiye aliyekuwa anamweleza albamu ina hali gani, naye anakwenda kusanifu.

Nimelitafakari hili njiani kote, daladala imesimama kituo cha Fire karibu nusu saa na sikujali. Tangu Jumapili ile ya Lemi nilikuwa nimeamini kwamba asiyeusikiliza muziki hawezi kuuchora. Huyu hapa mtu aliyeuchora vizuri kuliko karibu wote, na hakuupenda. Lakini ukiangalia kwa makini, usikivu haukukosekana, uligawanywa. Lion alisikia na kueleza. Wolff aliona, studio, saa ambayo muziki unatoka. Miles akapokea vyote viwili akavitia nidhamu, na kwa kuwa hakuwa shabiki, hakushawishika na picha za kawaida ambazo mashabiki wa jazi walizoea. Ukaribu ulikuwa wa Wolff, umbali ulikuwa wa Miles. Kava zuri linahitaji vyote. Lemi alivibeba peke yake, na nadhani ndiyo maana kazi yake ina joto kali vile, na mara nyingine imejaa mpaka hupati pa kupumzisha jicho.

Mimi sina Lion wala Wolff. Nina simu yenye kamera na ruhusa ya kukaa karibu na besi. Kesho kutwa narudi mazoezini, na sitamwambia mzee atazame kamera.

Ijumaa, 21 Juni

Soko la Karume, kwenye mitumba, kijana amevaa fulana nyeusi yenye mistari myeupe ya milima milima. Ni Unknown Pleasures ya Joy Division, 1979. Peter Saville alisanifu. Mistari ni mapigo ya redio ya nyota iitwayo CP 1919, mchoro uliochukuliwa kutoka ensaiklopidia ya elimu ya nyota. Mbele ya kava hakuna jina la bendi, hakuna jina la albamu. Nilimwuliza kijana kama anaijua bendi. Haijui, anaipenda fulana.

Wasanifu wengi wanalitaja kava lile kama kilele cha kazi hii, na kwa vijana wale wa Manchester, waliopiga muziki wa baridi na upweke, lilikuwa kweli tupu: ishara kutoka mbali, haina mtu. Ila kujificha ni uamuzi wa yule anayetazamwa. Mzee wangu hajatazamwa miaka arobaini. Nikimwondolea jina na sura nitakuwa nimerudia kumfanyia kile kile alichofanyiwa na ganda la karatasi lenye tundu. Kwa hiyo uso utakuwepo, na jina litakuwepo.

Jumatatu, 24 Juni

Jana mzee alinionyesha picha. Wanaume kumi jukwaani, mashati ya kitenge yanayofanana, yeye wa pili kutoka kushoto, kichwa kimeinama kwenye gitaa. Ni picha yake pekee ya wakati ule. Nilitamani kuitumia kama ilivyo. Mzee akakataa, na sababu yake ni nzito: sita kati yao wametangulia mbele ya haki, familia zao hazijaulizwa, na albamu si yao. "Nikiwaweka watu watadhani ni bendi. Nikiwakata nitakuwa nimewafuta."

Akasema neno jingine. Shati lile analipenda. Hakulichagua, lilikuwa la bendi, lakini amelivaa ujana wake wote na ndani ya shati lile ndimo alimojifunza kuacha mapengo.

Hapo kava likanijia zima. Sare ile ile, imevaliwa na mtu mmoja. Fundi wa Mwananyamala atashona shati jipya kwa mkato wa zamani, kola ndefu, mikono mifupi, kitenge kinachokaribia kile cha picha. Mzee ataketi, gitaa pajani, kama anavyokaa mazoezini, nami nitampiga akiwa anasubiri zamu yake ya kuingia. Uso wa kusubiri ninao tayari katika picha nilizopiga Alhamisi: macho chini, midomo imebana kidogo, anahesabu. Huo ndio uso wake. Hakuna mpiga solo mwingine Dar es Salaam anayesubiri kiasi hicho.

Atakaa kulia, chini. Upande wa kushoto wote utabaki rangi tupu, na mtindo utaandikwa kwa herufi nene kwa mkono, KANYAGA juu, kisha nafasi, kisha POLE, kisha nafasi ndefu zaidi, kisha POLE. Herufi ziingie anavyoingia yeye. Herufi za mkono nazitaka zile za mabango ya mbao ya kumbi, zenye kivuli upande mmoja, kwa sababu mtu wa dansi akiziona anajua yuko wapi hata kabla hajasoma. Rangi mbili: nyeusi, na ile ya udongo wa mfinyanzi iliyomo kwenye kitenge.

Kijana nilimwonyesha rasimu usiku. Alinyamaza, akaikuza kwenye simu, akaipunguza, akaikuza. "Mjomba anaonekana mtu mkubwa," akasema. Hakutaja gari tena.

Alhamisi, 27 Juni

Kazi ya leo ni ya vipimo. Majukwaa ya kusikilizia muziki yanataka mraba wa pikseli 3000 kwa 3000, lakini mtu ataliona kava likiwa dogo kuliko stempu. Nimelijaribu kwa ukubwa huo kwenye simu ya bei rahisi, skrini ina nyufa. KANYAGA linasomeka. Uso unaonekana kama uso. Mapengo yanafanya kazi vizuri zaidi likiwa dogo, maana makava yanayolizunguka yamejaa mpaka kingo, na jicho linakuja lenyewe kwenye nafasi tupu. Kitenge kinapotea, kinakuwa madoa; nimeongeza ukubwa wa maua yake kidogo.

Ubishi ulikuwa juu ya jina. Mzee anataka jina lake liwe dogo, mtindo ndio uwe mkubwa, kama zamani. Nimebishana naye kwa heshima, lakini nimebishana. Nimemwambia mtindo huu hauna taasisi nyuma yake, hauna kiwanda wala chama wala bima. Una yeye, na akiondoka yeye hakuna wa kubaki nao. Kijana akaniunga mkono. Mzee akauliza kama majina ya wapigaji yatakuwepo. Kwenye simu kava halina nyuma, nikamweleza, lakini tutayaandika kwenye maelezo ya kila wimbo, na kwenye CD yatakaa nyuma. Akafikiri. Akakubali jina lake liwe na kimo sawa na la mtindo, kwa sharti kwamba nyuma ya CD majina ya wenzake wanne yaandikwe kwa herufi zile zile za mkono, nisiwaandikie za kompyuta, na mpiga besi awe wa kwanza, kwa kuwa yeye ndiye anayekanyaga.

Nimeanza kuandika la mpiga besi usiku huu. Lina herufi mbili ndefu katikati zinazogongana na mstari wa chini, nimelipindisha kidogo likakaa. Mchapaji wa Kariakoo anafungua saa mbili asubuhi Jumamosi, nataka faili liwe mezani kwake kabla foleni haijaanza.